Maharage ya Dodoma yamenishinda: ni mwinuko, ni maji, au nimeuziwa ya mwaka juzi?

Mhamiaji wa Mtumba (mleta mada)

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Nimehamia Dodoma mwezi wa pili. Kazi ipo Mtumba, kulala nalala Nzuguni. Nilipokuwa Dar, Jumapili yangu ilikuwa ya maharage. Naweka jikoni mpira unapoanza, na kabla refa hajapuliza cha mwisho nimeshakaanga kitunguu, naunga. Huku mpira umeisha, wachambuzi wamechambua, taarifa ya habari imesomwa mpaka hali ya hewa, nikibonyeza harage linanitazama tu kama jiwe la Mlima Simba. Sufuria ni ile ile niliyohama nayo na jiko la gesi ni lile lile.

Jana nimerudi sokoni nikamwambia mama wa watu ameniuzia maharage ya mwaka juzi. Akaniangalia, akaniuliza, "Baba, wewe wa pwani?" Nikasema ndiyo. Akacheka na jirani yake, hakunijibu.

Wajuvi wa fizikia tiririkeni, nimeshindwa mwenzenu.

Bisi Mkononi

Nimekaa siti ya mbele, bisi ninazo.

Newton wa Majengo

Mkuu, kamwombe radhi yule mama. Maharage hayana kosa. Kosa ni la hewa.

Maji yanachemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kusukumana na hewa iliyoyakalia. Dar sufuria yako ilikuwa imebebeshwa safu nzima ya hewa, kuanzia baharini hadi huko juu ilikoishia. Dodoma tupo kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, maana yake zaidi ya kilomita nzima ya hewa tumeiacha chini ya miguu. Mgandamizo wa hewa Dar ni kilopaskali 101 na kidogo, huku ni kama 88 na nusu. Hewa nyepesi, mvuke unashinda mapema, maji yanachemka yakiwa hayajafika nyuzi 100. Kila ukipanda mita 300 hivi unapoteza nyuzi moja. Piga hesabu, utaona maji ya Dodoma yanachemka kwenye nyuzi 96 na pointi.

Kwa hiyo wewe maharage yako huyachemshi kwa nyuzi 100. Unayakanda kwa 96.

Baharia wa Temeke

Nyuzi nne tu ndiyo zimtese mtu mpaka hali ya hewa isomwe? Newton usituletee chai. Huyo kijana gesi inaisha, moto mdogo. Aongeze moto.

Newton wa Majengo

Baharia, hapo ndipo mkaa wa nchi hii unapopotelea. Maji yakishachemka, moto wote unaoongeza unaenda kutengeneza mvuke, haupandishi nyuzi hata moja. Sufuria inayochekacheka taratibu na ile inayorukaruka hadi mfuniko unacheza ngoma zina joto moja. Yanayorukaruka yanakauka upesi tu, halafu unaongeza maji, halafu unalalamika.

Na nyuzi nne si tu. Kuiva ni kemia. Kipimo cha haraka haraka ni kwamba ukipunguza nyuzi kumi, kazi inachukua kama mara mbili ya muda. Ukipunguza nne, unaongeza kama theluthi moja. Harage la dakika 80 Dar, huku ni dakika 105 au 110.

Sangara wa Mwanza

Sisi tupo ufukweni bwana, maji yanachemka mia kamili. Poleni watu wa milimani.

Ticha Ipagala

Sangara, kaka yangu, ufukwe wa ziwa si ufukwe wa bahari. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Mnaogelea juu kuliko sisi tunavyolala. Wewe na Mhamiaji mnapika kwa nyuzi zile zile.

Mbeya mjini wako kwenye mita 1,700, wao ni kama 94. Wapagazi wa Kilimanjaro pale Uhuru, mita 5,895, wakichemsha chai wanaipata kwenye nyuzi 80 na kidogo. Ndiyo maana kule hakuna anayekuuliza kuhusu maharage.

Sangara wa Mwanza

Miaka 34 nimeishi nikijua nipo bondeni. Naomba dakika moja.

Mzee Kisima

Vijana salaam. Mimi nafunga pampu za visima mkoa huu tangu wengi wenu mkiwa shuleni. Bahi nimechimba, Chamwino nimechimba, Kongwa nimechimba. Hayo ya hewa siyakatai, lakini mnamzunguka mbuyu. Tatizo la huyo kijana ni MAJI.

Kijana, jibu maswali mawili. Maji unatoa wapi, na birika lako ndani likoje?

Mhamiaji wa Mtumba

Shikamoo mzee. Maji natoa kisima cha jirani, ndoo shilingi kadhaa. Birika ndani limeota ukoko mweupe, nakwangua kwa kijiko. Na sabuni haitoi povu, nafua kama naomba msamaha.

Mzee Kisima

Marahaba. Umejijibu. Hayo ni maji magumu, yana chokaa. Ukichemshia maharage, ganda linakaza. Mke wangu akipikia ya mvua maharage yanaiva, akipikia ya kisima tunalala njaa. Sufuria ni ile ile, na nyumba haijapanda mlima wala kushuka.

Ticha Ipagala

Mzee wangu hapo amesema kweli na kemia inamuunga mkono. Kinachoshikanisha seli za harage ni kitu kama gundi kinaitwa pektini. Kuiva ni gundi hiyo kulegea. Kalsiamu iliyomo kwenye maji magumu inaishikilia isilegee. Magadi yanafanya kinyume chake, ndiyo maana bibi zetu walitupia kipande kidogo kwenye maharage na kwenye mlenda.

Newton wa Majengo

Maji yanachangia, sikatai. Lakini ni robo ya kesi. Robo tatu ni mwinuko.

Mzee Kisima

Geuza hiyo. Robo tatu maji.

Newton wa Majengo

Mzee, kreti ya soda.

Mzee Kisima

Kreti ya soda. Chupa 24. Na za baridi.

Bisi Mkononi

Hahaha, uzi umeiva kabla ya maharage.

Fundi Bati Nkuhungu

Mnajisumbua. Weka jiwe juu ya mfuniko. Mvuke ukibanwa, mgandamizo unapanda, na joto linapanda. Presha kuka ya mnyonge. Nyumbani tunafanya hivyo miaka yote.

Newton wa Majengo

Fundi, wazo ni la kisomi kabisa, shida ni uzito wa jiwe. Chukua sufuria ya upana wa sentimita 24. Eneo la mfuniko ni kama sentimita za mraba 450. Jiwe la kilo tatu ukiligawanya kwenye eneo hilo unaongeza kilopaskali 0.65. Hiyo inapandisha nyuzi kama 0.2, na hapo nimekupa zawadi kwamba mfuniko haupitishi mvuke hata tone. Mfuniko wa sufuria zetu unapitisha mpaka harufu inafika kwa jirani.

Ukitaka Dodoma iwe Dar ndani ya sufuria unahitaji kuongeza kilopaskali 12 na nusu. Zidisha kwa eneo, gawanya kwa mvutano wa dunia, unapata kilo 57.

Fundi Bati Nkuhungu

Mfuko wa sementi na jiwe lako la kilo saba juu. Ninao.

Newton wa Majengo

USIJARIBU. Sufuria ya alminiamu itakunja shingo, na ule mvuke ukitafuta njia utaitafuta usoni kwako. Presha kuka ina mpira wa kuziba, ina kizito chake kilichopimwa na ina vali ya usalama. Inabana karibu kilopaskali 100 za ziada na kufikisha maji karibu nyuzi 120.

Baharia wa Temeke

Nina shemeji ana kilo 57 kamili na hana kazi. Nimtume kwa basi au kwa treni?

Mama Kunde Sabasaba

Mbukwenyi. Nauza chakula, kila siku sufuria mbili za maharage zinaisha saa saba mchana. Nayaloweka toka jioni, asubuhi namwaga maji yale, nabandika. Hiyo hewa na hicho kisima sijawahi kugombana navyo. Wanangu mnachotafuta ni kuiva au ni ubishi?

Ticha Ipagala

Ubishi, mama. Ila umetukumbusha jambo: kwenye jaribio hatuloweki, tofauti isijifiche.

Napendekeza tufanye kama tunavyofundisha, tubadilishe kitu kimoja kwa wakati. Maharage yawe ya gunia moja, ili hoja ya "mwaka juzi" ife yenyewe. Sufuria nne. Mbili hapa, mbili Dar. Kila mji sufuria moja ya maji ya kisima cha Mhamiaji na moja ya maji ya chupa, chapa moja. Robo kilo kila sufuria, lita mbili za maji, unaanza kuhesabu yanapochemka, ukiongeza maji yawe ya moto. Baada ya saa moja unatoa maharage kumi kila dakika tano, unabonyeza kwa vidole viwili. Nane yakipondeka, yameiva.

Mhamiaji, unashuka Dar lini?

Mhamiaji wa Mtumba

Ijumaa, na treni. Baharia, utapika?

Baharia wa Temeke

Napika. Kwa ajili ya sayansi na kwa sababu maharage ya bure hayakataliwi.

Mgogo Halisi

Wakati tunasubiri Ijumaa, naona watu wa pwani wanatucheka sana kwenye uzi huu. Baharia, una mtungi nyumbani?

Baharia wa Temeke

Mtungi wa nini? Nina friji.

Mgogo Halisi

Umeme ukikatika?

Baharia wa Temeke

Nakunywa ya moto kama kila mtu.

Mgogo Halisi

Basi sikiliza. Sebuleni kwa bibi yangu, Mvumi, kuna mtungi wa udongo umekaa juu ya mchanga, kata imening'inia pembeni. Mwezi wa kumi, nje jua linapasua, maji ya mtungi ule yanauma meno. Ukishika tumbo lake ni bichi bichi, kama limetoka jasho. Ndilo jasho lenyewe. Udongo una vitundu, maji yanapenya, yakifika nje hewa yetu kavu inayanywa, na yanapoondoka yanaondoka na joto.

Newton, wape hesabu, mimi nimeishia kidato cha pili.

Newton wa Majengo

Hii naipenda. Mtungi wa lita 20, maji yameingia na nyuzi 30, unataka yafike 22. Joto la kuondoa ni 20 mara 4.2 mara 8, kama kilojuli 670. Lita moja ya maji ikivukiza inabeba kilojuli zaidi ya 2,400. Kwa hiyo inatosha kuvukiza pungufu ya mililita 300, hata chupa ya soda haijai. Kiuhalisia inaondoka zaidi, maana joto la chumba nalo linaendelea kuingia, lakini lita 20 zimepoa kwa gharama ya glasi moja.

Na hapa pwani haitutambii. Hewa ya Dar imeshashiba mvuke wa bahari, haina nafasi ya kunywa jasho la mtungi. Mtungi huo huo Temeke unapoa kidogo tu, unasimama. Kwenye sufuria mnatushinda nyuzi nne, kwenye mtungi tunawarudishia na chenji.

Fundi Bati Nkuhungu

Na jasho la mwili ni hivyo hivyo. Juu ya bati Nkuhungu mwezi wa kumi nafanya kazi shati kavu. Siku nilipoezeka Mbagala nilikamua shati mara tatu. Kumbe kote nilitoka jasho, huku hewa inalichukua kabla sijaliona.

Nikiwa hapo hapo: wateja wananipigia usiku kwamba kuna mtu anatembea juu ya bati. Hakuna mtu. Bati la mita tatu likipoa kutoka joto la mchana mpaka baridi ya usiku, tuseme nyuzi 40, linasinyaa milimita moja na nusu hivi. Msumari umelishika, linavutana nao, likiachia linalia KAA. Msiniite saa nane.

Bisi Mkononi

Kwetu yule alikuwa na jina kabisa. Mzee wa mtaa alishatajwa kwenye kikao.

Sangara wa Mwanza

Nimerudi, nimeshakubali kwamba naishi juu. Swali la upande: nikitaka barafu upesi, niweke maji ya moto au ya baridi kwenye friza? Maana kuna Mtanzania alisema ya moto.

Ticha Ipagala

Huyo ni Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi Magamba, kule Lushoto. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu kwa maziwa na sukari. Nafasi ya friza ikawa inagombewa, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ambayo mwenzake aliyaingiza bila kuyachemsha. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, hapo Iringa, alipong'ang'ania akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia, na darasa likamfanya kichekesho kila akikosea hesabu.

Siku Denis Osborne wa chuo kikuu Dar alipokwenda kuzungumza pale shuleni, kijana akasimama akauliza swali lile lile mbele ya wote. Watu wakacheka. Osborne hakucheka, akarudi Dar, jambo likapimwa. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na leo jina lake limo kwenye fizikia ya dunia.

Ninapofundisha joto huwa naanza na yeye, halafu nakaa kimya kidogo. Mwaka jana binti mmoja wa nyuma kabisa aliuliza kwa nini ndoo ya bati inalia maji yakikaribia kuchemka halafu inanyamaza. Miaka yote nimechemsha maji, sikuwahi kujiuliza. Ni vipovu vya mvuke vinazaliwa chini kwenye joto, vinapanda vinakutana na maji ya baridi kidogo, vinapasuka. Maji yote yakifika joto la kuchemka, vinafika juu vizima, kelele inabadilika.

Newton wa Majengo

Kwa haki kabisa Ticha, jambo la Mpemba bado lina mabishano. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima kwa uangalifu wakasema hawakuona maji ya moto yakipoa upesi kuliko ya baridi, na kwamba kipimajoto kikisogea sentimita moja tu matokeo yanabadilika. Wengine wanasema inategemea mvukizo, barafu ya chini ya chombo, na vingine.

Ticha Ipagala

Sijasema limeisha. Nimesema alisimama akauliza. Sangara, pima mwenyewe, friza unayo.

Sangara wa Mwanza

Friza imejaa sangara.

Mhamiaji wa Mtumba

MREJESHO WA SAFARI. Wakuu, niko Dar.

Nilipanda na begi, nusu kilo ya maharage, na galoni la lita tano la maji ya kisima. Pale kwenye ukaguzi kijana akaniuliza, "Mzee, Dar maji hakuna?" Nikamwambia ni ya utafiti. Akafungua, akanusa, akamwita mwenzake, akanusa. Wakaniruhusu kwa huruma.

Sasa kilichonitoa jasho si hicho. Stesheni ya Dodoma nilimaliza chupa ndogo ya maji, ile ya plastiki laini, nikaifunga kizibo vizuri nikaichomeka mbele ya kiti. Tumetoka, treni inakwenda mpaka 160 kwa saa, hakuna kutikisika, nikasinzia. Morogoro nimefumbua macho naona chupa imebonyea kidogo kiunoni. Nikajua nimeigonga na goti. Pugu naitazama tena: imeingia ndani pande mbili kama mtu aliyevuta pumzi akabana tumbo. Jirani yangu ni shahidi, hakuna aliyeigusa. Dar nimefungua kizibo, ikafanya PWAA, ikanyooka.

Nimesoma fizikia mpaka kidato cha nne, nilipata D, na sijawahi kuiona hewa kwa macho mpaka leo.

Newton wa Majengo

Machozi yananilenga. Ndani ya ile chupa ulifungia hewa ya Dodoma, mkuu. Ukaishusha Dar, hewa ya Dar ikaibinya. 88 na nusu kwa 101, inapaswa kusinyaa kama asilimia 13.

Ticha Ipagala

Sehemu ndogo ni kiyoyozi. Stesheni palikuwa na joto, ndani ya behewa baridi. Nyuzi kumi pungufu zinasinyaza hewa kama asilimia tatu. Lakini zaidi ya hapo ni mwinuko. Ukirudi Dodoma nunua pakiti ya krispi Dar, usiifungue. Itafika imevimba kama mto.

Mzee Kisima

Chupa nimeielewa. Sasa pikeni.

Ticha Ipagala

Jumamosi, Ipagala. Mashahidi: mimi, Newton, Mzee Kisima na mwanangu wa darasa la tano ambaye ndiye mbonyezaji rasmi. Kipimajoto nimekiazima maabara. Kwanza nimekichovya kwenye barafu inayoyeyuka, kikasoma sifuri, kwa hiyo hakidanganyi. Kwenye sufuria inayochemka, bila kugusa chini: 96. Mzee Kisima amevaa miwani akasoma mwenyewe. Amesema "mh."

Maji ya chupa, dakika 110. Maji ya kisima, dakika 130. Mbonyezaji amelalamika vidole.

Baharia wa Temeke

Temeke nimepika, Mhamiaji amesimama na saa kama refa wa akiba. Maji ya chupa: dakika 80. Maji yenu ya galoni: dakika 95, na yameacha mstari mweupe kwenye sufuria ya mke wangu, naomba mtu amwandikie barua.

Maharage ni ya gunia moja, yameiva vizuri tu. Kwa hiyo yule mama wa sokoni hana hatia.

Mhamiaji wa Mtumba

Jumatatu nitakwenda kumwomba radhi. Na nitanunua kilo mbili.

Newton wa Majengo

Hesabu ni nyepesi. Kutoka 80 ya Dar na maji ya chupa mpaka 130 ya Dodoma na maji ya kisima, tofauti ni dakika 50. Panda mlima kwanza kwa maji ya chupa: 80 mpaka 110, dakika 30 ni za mwinuko. Halafu badilisha maji: 110 mpaka 130, dakika 20. Mwinuko asilimia 60, maji 40. Mimi sikupata robo tatu, mzee naye hakupata. Ila nimeshinda.

Nashauri tugawane kreti. Mzee alipie chupa 14.4, mimi 9.6.

Baharia wa Temeke

Ngoja, Newton. Badilisha maji kwanza ukiwa bado Dar: 80 mpaka 95, dakika 15 tu za maji. Halafu panda nayo Dodoma: 95 mpaka 130, dakika 35 za mwinuko. Hapo mwinuko ni asilimia 70. Mzee anadaiwa chupa 16.8.

Mzee Kisima

Baharia wewe uko upande gani?

Ticha Ipagala

Wote mko sahihi, na hapo ndipo utamu ulipo. Vitu hivi viwili havijumlishwi kama mawe kwenye mizani. Kwenye joto dogo kila kitu kinakwenda polepole, pamoja na ule ukaidi wa kalsiamu, hivyo maji magumu yanagharimu dakika nyingi zaidi Dodoma kuliko Dar. Ukiuliza "mwinuko peke yake umechangia ngapi", jibu linategemea umeanza kuhesabu kutoka wapi. Chukueni wastani: 15.6 kwa 8.4.

Bisi Mkononi

Pointi sita ya chupa inapimwa na nani?

Fundi Bati Nkuhungu

Nina futi kamba.

Sangara wa Mwanza

Kabla hamjanunua, mimi nimewaza hivi. Mwanza mwinuko ni wa Dodoma, lakini maji ya ziwa ni laini, birika langu ndani linang'aa. Kwa hiyo mimi ni kama ile sufuria ya maji ya chupa ya Ipagala. Newton anasema nitapata 110. Nimebandika sasa hivi.

Newton wa Majengo

Sangara, umekua. Tunasubiri.

Sangara wa Mwanza

Dakika 70. Mawe.

Sangara wa Mwanza

Dakika 95. Mawili kati ya kumi.

Mzee Kisima

Nimezima taarifa ya habari kwa ajili ya hili.

Sangara wa Mwanza

Dakika 112. Manane kati ya kumi!

Newton wa Majengo

WAKUU!

Ticha Ipagala

Hongera. Sangara, maharage hayo ni ya gunia la hapa?

Sangara wa Mwanza

Hapana, ya duka la chini hapa. Mekundu.

Ticha Ipagala

Basi haihesabiki.

Sangara wa Mwanza

Nimeshayaunga.